Ijara ya Likizo: Asili ya Mafunzo ya Programu Huria na Vijana wa Mji Wetu

Kompyuta ya kwanza kufungwa katika nchi hii ya Tanzania iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha kwa ajili ya hesabu za serikali. Na maadamu mashine za zama hizo zilikuwa kubwa, ghali na zenye kudai chumba cha peke yake, haikuwa ajabu kwamba raia aliyepita barabara za Kivukoni, Dar es Salaam, akielekea pantoni au soko la samaki hakujua kuwa kitu kama hicho kipo mjini, wala hakuna aliyeona haja ya kumjulisha. Miaka tisa baadaye, yaani mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake pasipo idhini maalumu, baada ya kuona kwamba fedha za kigeni zinakwenda nje na faida iliyotarajiwa hairudi. Katazo hilo lilikuwa na sababu zake katika dhiki ya wakati ule, na mimi si miongoni mwa wale wanaolilaumu kwa wepesi. Lakini athari yake ilikuwa kwamba kwa miaka mingi kompyuta ilibaki Tanzania kuwa chombo cha ofisi chache, chenye walinzi wake na makuhani wake, na kijana mwenye akili ya hesabu aliyekulia Kariakoo au Ilala aliweza kumaliza masomo yake yote bila kuigusa.

Katika miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari, lilikuwa likizaliwa jambo la namna nyingine. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, Marekani, alitangaza azma ya kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao mtu yeyote angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kumpa mwenziwe. Na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akautangazia ulimwengu mwezi wa Agosti kwamba alikuwa ameanza kutengeneza kiini cha mfumo wa aina hiyo, akiwaalika wote wautazame na kuukosoa. Kutokana na kazi ya watu hao na maelfu ya wengine ndipo tulipopata Linux na jamii nzima ya programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi mbele ya macho ya kila mtu, na ambazo leo zinaendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti, na hata simu nyingi zinazouzwa katika Mtaa wa Aggrey.

Nazitaja habari hizi mbili pamoja kwa kuwa nadhani historia ya kompyuta, tukiitazama kwa utulivu, ni historia ya kujua nani anapewa nafasi ya kuigusa; na juu ya hilo uhuria wa msimbo, pamoja na uzuri wake wote, haukutosha. Mlango ulikuwa wazi, lakini njia ya kuufikia ilidai mashine, umeme, mtandao, na zaidi ya yote wasaa: miezi ya kukaa na kazi isiyolipa, ukijifunza kwa kukosea, ilhali nyumbani wanakusubiri ulete chochote. Kijana wa mwenye nacho aliuona mlango huo akaingia. Kijana wa mama lishe aliuona vile vile, akaenda kutafuta kibarua, naye hakuwa na kosa lolote. Ndiyo sababu naona kwamba miongoni mwa mambo yaliyobuniwa katika ulimwengu wa programu huria, moja lililo na manufaa makubwa kuliko yanavyokubaliwa na wengi ni lile la kumlipa mwanafunzi ijara katika miezi ya likizo, ili aifanye kazi hiyo akiwa na mtu wa kumwelekeza.

Mpango mashuhuri wa namna hii ulianza mwaka 2005, pale kampuni ya Google ilipotangaza kwamba ingewalipa wanafunzi wa vyuo wautumie msimu wao wa kiangazi kuandika programu huria badala ya kutafuta vibarua vya migahawani na madukani, kama ilivyo ada ya vijana wa Marekani. Fikra hiyo hunasibishwa na Larry Page, mmoja wa waasisi wa kampuni, aliyeona kwamba wanafunzi wa kompyuta hupoteza likizoni sehemu ya yale waliyoyapata darasani; na utekelezaji wake uliongozwa na Chris DiBona wa kampuni hiyo hiyo. Mpango ukaitwa Google Summer of Code. Nafasi zilizokusudiwa zilikuwa 200. Lakini maombi yalipofika yalipita 8,700, na kampuni ikalazimika kuongeza nafasi hadi zaidi ya 400. Kila mwanafunzi aliyemaliza kazi yake alipata dola 4,500, na jumuiya iliyompokea ikapewa dola 500 kwa taabu ya kumlea.

Utaratibu wake umebaki takriban ule ule, na inafaa kuueleza, kwa kuwa siri ya mafanikio yake imo humo. Kila mwanzo wa mwaka jumuiya za programu huria huomba kushiriki, na zilizokubaliwa hutangaza kazi ambazo zingependa zifanywe. Mwanafunzi huchagua jumuiya, huzungumza na watu wake, mara nyingi hurekebisha kasoro ndogo ili waione kazi ya mkono wake, kisha huandika pendekezo la kile atakachokijenga na namna atakavyokigawanya kwa majuma. Akichaguliwa, hupewa mlezi, mtu ambaye tayari ni mjenzi wa programu hiyo, naye husoma kila anachokiandika na kumrudishia chenye makosa. Malipo hayatolewi kwa mkupuo: hufuata tathmini ya mlezi, ya katikati na ya mwisho, na anayeshindwa katikati huishia hapo. Msimbo anaouandika hauwi mali ya Google. Hubaki kwa jumuiya, chini ya leseni huria. Kwa hiyo fedha hununua wasaa, mlezi hutoa taalimu, na kazi yenyewe ni ya kweli, itakayotumiwa na watu ambao mwanafunzi hatawaona maishani. Ukiondoa kimojawapo cha vitu hivyo vitatu, kinachobaki ni sadaka, au darasa, au kibarua. Hadi mpango huu unatimiza msimu wake wa 20 mwaka 2024, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamekwisha kupita humo, kutoka nchi zaidi ya mia moja.

Lakini haukupita muda kabla ya kudhihirika kwamba hata mlango wenye ijara unaweza kuwapita baadhi ya watu. Mwaka 2006 jumuiya ya GNOME, inayojenga sura ya mbele ya mifumo ya Linux, ilipokea maombi 181 ya nafasi za kiangazi, na katika maombi hayo yote halikuwamo hata moja la mwanamke. Wangeweza kusema, kama wengi wasemavyo, kwamba wanawake hawapendi kazi hizi. Badala yake walitenga fedha kwa mpango mdogo wa wanawake peke yao, wakautangaza kwa maneno yaliyoelekezwa kwao, na katika muda mfupi maombi yakapita mia moja. Wakachaguliwa sita, kila mmoja kwa dola 3,000. Sijui hoja iliyo fupi na yenye nguvu kuliko hiyo. Wanawake walikuwapo siku zote, hawakuwa wameitwa. Mpango huo ulilala kwa miaka michache, ukahuishwa mwaka 2010 kwa juhudi za Marina Zhurakhinskaya wa jumuiya hiyo ya GNOME, ukakua na kupokea jumuiya nyingine, na mwaka 2015 ukahamia chini ya taasisi ya Software Freedom Conservancy kwa jina la Outreachy, ukiwafungulia mlango watu wa makundi mengi ambayo fani hii imeyaweka pembeni. Huendeshwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Mei na kuanzia Desemba, na tangu mwaka 2021 ijara yake ni dola 7,000, sawa kwa kila mtu popote alipo.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika habari hizi, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu watu wetu wengi hawajui. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, waganga wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Janga la UKIMWI lilipozidi na wagonjwa wa kufuatiliwa maisha yao yote wakawa maelfu, mfumo ule wa mwanzo ukaelemewa, na mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, wa upande wa Indiana, wakaanza kubuni mwingine, uliokuja kuitwa OpenMRS, wakiutoa uwe huria ili kila hospitali maskini iupate bila gharama ya leseni. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo Rwanda. Mwaka 2007 OpenMRS ikawa miongoni mwa jumuiya zinazopokea wanafunzi wa Google Summer of Code, na imeendelea kuwa hivyo mara nyingi tangu hapo. Maana yake ni kwamba vijana wa India, Sri Lanka, Ulaya na Marekani wametumia likizo zao, kwa ijara, kuijenga programu iliyozaliwa kwa haja ya wagonjwa wa Bonde la Ufa. Na katika mpango mdogo wa Google uliokuwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, Mwafrika wa kwanza kutwaa tuzo kuu, kijana wa miaka 17 kutoka Bamenda, Kamerun, aliyeshinda katika mashindano yaliyomalizika Januari 2017, aliipata kwa kazi aliyoifanya katika OpenMRS; na alipoipata, serikali ya nchi yake ilikuwa imekata intaneti katika mji wao.

Na Dar es Salaam? Chuo Kikuu kilichoanza mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja na Kariakoo, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kilikuwa kufikia mwanzo wa karne hii na idara ya sayansi ya kompyuta huko Mlimani, na mwaka 2004 idara hiyo, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini iliyosemeshwa Kiswahili tangu amri ya kwanza hadi ya mwisho. Ilikuwa kazi ya fahari, na ilistahili kuendelezwa na kila kundi jipya la wanafunzi. Hata hivyo miaka ile mawasiliano yetu na ulimwengu yalipita katika setilaiti, kwa bei ambayo mwanafunzi hangeweza kuimudu, na kushusha msimbo wa programu kubwa ilikuwa shughuli ya usiku kucha, kama umeme haukukatika. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu na kuanza kazi mwezi wa Julai 2009, na ya EASSy ikafuata mwaka 2010. SEACOM ilipoanza kazi, misimu minne ya mwanzo ya Google Summer of Code ilikuwa imekwisha kupita.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitajwi sana, nacho ni kalenda. Kiangazi kinachosemwa katika mipango hii ni cha kaskazini ya dunia. Kazi huanza mwishoni mwa Mei, wakati mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha pale Mtaa wa Shaaban Robert, au wa Taasisi ya Teknolojia kwenye makutano ya Morogoro na Bibi Titi, yumo katikati ya muhula, na mitihani inamngojea. Likizo yake ndefu huja Julai au Agosti hadi Oktoba. Msimu wa Desemba wa Outreachy uliwekwa kwa kuwafikiria wanafunzi wa kusini ya dunia, nasi tuko kusini, ila Desemba vyuo vyetu viko darasani. Tangu mwaka 2022 Google imeruhusu kazi kuvutwa hadi majuma 22 kwa makubaliano na mlezi, na kuwapokea hata wasio wanafunzi maadamu wametimiza miaka 18 na ni wageni katika fani. Nafuu hiyo ni kubwa kwetu kuliko ilivyo kwa wengine, na yafaa ijulikane.

Hata hivyo mfano ulio karibu zaidi na mioyo yetu haukutoka kwa kampuni ya Marekani, ulitoka katika tope la Msimbazi. Mwezi wa Desemba 2011 mvua ambayo mfano wake ulikuwa haujaonekana tangu mwaka 1954 ilinyesha juu ya Dar es Salaam, mto Msimbazi ukafurika bonde lote la Jangwani, ambalo upande wake mmoja ni Kariakoo na wa pili ni Magomeni, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Maelfu wakahamishwa, wengi wakapelekwa Mabwepande. Ilipotakiwa kujua ni nyumba zipi ziko katika njia ya maji na mifereji ipi imeziba, ikaonekana kwamba mitaa yenye watu wengi kupita yote ndiyo iliyokuwa haimo katika ramani. Mwaka ule ule wa 2011, kabla ya mafuriko, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wamekwisha kuonyesha njia huko Tandale, walipoungana na wenyeji kuuchora mtaa kwa miguu na kuuweka katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo huria. Mwaka 2015 jambo hilo likapanuliwa kwa jina la Ramani Huria, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia.

Kilichofanyika kwa kweli ni kuyachukua mafunzo ya vitendo, ile fildi ambayo kila mwanafunzi sharti aifanye wakati wa likizo, na kuyapa kazi yenye maana. Mwanafunzi ambaye pengine angekaa majuma manane katika ofisi fulani akibeba mafaili na kuchemsha chai, kwa nauli ya mfukoni mwake, alipewa simu na kifaa cha kupokea alama za setilaiti, akafundishwa QGIS na JOSM, programu huria za kuchora ramani, akatumwa mtaani pamoja na mjumbe na wakaazi wanaokijua kila kichochoro, akauliza maji ya mwaka fulani yalifika kwenye tofali la ngapi, akapima upana wa mfereji, kisha jioni akayaingiza yote katika ramani ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuisoma. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Wanafunzi walitoa majina na maelezo kutoka chini. Mamia ya wanafunzi wamepita katika kazi hiyo kwa awamu mbalimbali, na Zanzibar nako, tangu mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walirusha ndege za aina hiyo kuichora Unguja na Pemba.

Naithamini kazi hii kwa sababu iliondoa dhana iliyokuwa imezoeleka, kwamba kijana wetu hujifunza programu huria ili apate njia ya kwenda kwingine. Mwanafunzi wa Ramani Huria alijifunza ustadi ule ule anaojifunza mwenziwe wa Berlin au Bangalore, kushirikiana na watu wasioonana, kukosolewa hadharani, kuacha kazi ambayo mwingine ataiendeleza, na aliujifunzia Kigogo na Tandale, kwa ajili ya watu wa Kigogo na Tandale. Waliopita humo ndio walioendelea baadaye kuunda asasi ya Kitanzania, OpenMap Development Tanzania, inayofanya kazi hiyo hadi leo.

Nirudi kwenye ijara, maana ndiyo nguzo ya habari hii. Tangu mwaka 2017 Google imekuwa ikikadiria malipo kwa kufuata gharama za maisha katika nchi ya mshiriki, hata kwa kazi kubwa ya saa 350 malipo ya mwaka 2022 yalikuwa kati ya dola 3,000 na dola 6,600. Hesabu hiyo ina mantiki yake kwa upande wa chakula na pango la nyumba. Lakini kompyuta mpakato haiuzwi Kariakoo kwa nusu bei kwa kuwa mnunuzi ni Mtanzania. Bei yake hufuata dola, nauli ya meli na ushuru wa bandari, na aghalabu humgharimu kijana wetu zaidi kuliko mwenziwe wa Marekani, kwa mashine iliyokwisha kutumika. Rai yangu ni kwamba Outreachy, kwa kulipa sawa, imelielewa jambo hili vyema zaidi. Hata hivyo dola 3,000 kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam ni fedha ya kumalizia ada na kununua mashine, wala asiikatae mtu kwa kuwa mwingine amepata zaidi.

Wapo wanaosema kwamba kumlipa kijana ajifunze ni kumharibu, na kwamba roho ya uhuria ni kujitolea. Nawaheshimu waliojitolea, kwani bila wao pasingekuwa na cha kufundisha. Ila wengi wao waliweza kujitolea kwa kuwa mtu mwingine, mzazi au serikali au chuo, alikuwa amekwisha kulipa. Kujitolea pasipo chakula hakudumu, na elimu inayowataka maskini waanze kwa kutoa huishia mikononi mwa wasio maskini.

Benki, wizara, mamlaka na kampuni za simu zenye ofisi kati ya Kivukoni na Kariakoo hutumia programu huria kila siku, na hupokea wanafunzi wa fildi kila mwaka. Kila moja yao ingetenga nafasi tano tu kuanzia Julai hadi Oktoba, kwa posho ya haki na mlezi mmoja anayejua kazi, nusu ya wanafunzi hao wakiwa wanawake walioitwa kwa makusudi, mji huu ungepata katika miaka michache wajenzi ambao sasa tunawaagiza kutoka nje. Vyuo navyo vingeweza kuikubali kazi ya Google Summer of Code au Outreachy ihesabiwe kuwa mafunzo ya vitendo kamili, jambo lisilohitaji fedha yoyote isipokuwa uamuzi wa seneti. Nawe kijana unayesoma haya, usingoje wakubwa waamue: kwa Google Summer of Code, majina ya jumuiya zinazopokea hutangazwa mwezi wa Februari, maombi hufunguliwa Machi na kufungwa muda mfupi baadaye, kuomba hakulipiwi senti, na anayepokewa aghalabu ni yule aliyeanza kuijua jumuiya yake tangu Desemba.